Pauni Mia za Gombesa

Kitabu cha J.L.B. Smith kiitwacho Old Fourlegs, kilichotolewa na Longmans mwaka 1956, kimesifiwa miaka mingi kwa kuwa hadithi ya samaki. Nami nakisifu, ila kwa sababu nyingine. Kwa maoni yangu hiki ni kitabu cha fedha. Samaki yumo, tena samaki wa ajabu. Lakini mtu akikisoma kwa makini atagundua kwamba kurasa zinazomtoa mwandishi jasho si zile za mapezi na magamba, bali ni zile za nauli, meli, ndege, simu za usiku na wakubwa wa kubembelezwa. Ni vitabu vichache vya wanasayansi vinavyokiri waziwazi namna hiyo kwamba mtafiti anayetoka kwao kwenda kutafuta kitu katika bahari ya wenzake ni mwombaji kabla ya kuwa mtaalamu. Uhakiki wangu unahusu ukweli huo, na jambo moja kubwa ambalo ukweli huo umeliacha nje ya mlango.

Kwa wasiokisoma, kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi iitwayo Nerine, ya nahodha Hendrik Goosen, ilirudi bandarini East London, Afrika Kusini. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho madogo ya mji ule, alikwenda kutazama mavuno kama ilivyokuwa desturi yake, akaona katika rundo la samaki mmoja wa rangi ya buluu, mwenye urefu wa mita moja na nusu hivi, na mapezi yaliyochomoza mwilini kama vikono na vijiguu. Hakumjua. Alihangaika naye mjini katika joto la Desemba. Ghala la barafu likamkataa na mochari pia ikamkataa. Akaandika barua yenye mchoro kwenda kwa Smith, mwalimu wa kemia huko Grahamstown ambaye samaki alijifunza kwa mapenzi tu. Barua ikamkuta likizoni Knysna tarehe 3 Januari 1939. Smith alipoutazama mchoro alitambua kwamba huyu ni silikanti, jamii ambayo wataalamu waliijua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, na ambayo walidhani ilikwisha toweka tangu zama za madinosaria. Alipofika kumwona, mwezi wa Februari, viungo vya ndani vilikuwa vimekwisha kutupwa. Akampa jina Latimeria chalumnae, kwa heshima ya yule bibi na ya mto Chalumna ambao samaki alivuliwa karibu na mlango wake. Hapo jina lilikwenda kwa aliyestahili, na tukumbuke jambo hilo kwa sababu jina la pili halikwenda hivyo.

Ikafuata miaka 14 ya kumtafuta samaki wa pili, mzima, mwenye viungo vyake vyote. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Smith alikuwa na hoja nzuri: aliamini kwamba yule wa East London alikuwa amepotea njia, na kwamba kwao ni kaskazini, katika maji ya joto. Wataalamu wengine walisema ni samaki wa vilindi vikuu visivyofikika. Yeye akashikilia kwamba umbo lake na magamba yake ni ya mwindaji wa kwenye miamba. Katika hili alikuwa karibu na ukweli kuliko wapinzani wake. Lakini hoja nzuri hailipi nauli. Vita vikaja. Hadi mwaka 1946 ndipo alipopata ruzuku ya kudumu kutoka Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la nchi yake, akaacha kemia, akawa mtu wa samaki tu. Yeye na mkewe Margaret, ambaye alikuwa mchoraji hodari, wakazunguka pwani ya Msumbiji, kisha Kenya, Unguja na Pemba. Hakuna ukurasa unaojificha nyuma ya heshima ya cheo. Anahesabu alichokosa, anasema nani alimsaidia na nani alimpuuza. Kwa vijana wetu wanaodhani kwamba utafiti ni koti jeupe na darubini, sura hizi ni dawa.

Sasa tuitazame karatasi moja. Ili kumpata samaki wake, Smith alichapisha kipeperushi chenye picha ya silikanti na ahadi ya pauni 100 kwa kila mmoja wa samaki wawili wa kwanza, kwa dhamana ya Rhodes na ya lile Baraza. Kilisambazwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Kilimwagiza mvuvi asimkate samaki wala kumsafisha, bali ampeleke akiwa mzima, upesi, kwenye ghala la barafu au kwa ofisa wa kutegemewa, ili Smith apelekewe habari. Naomba msomaji aitazame karatasi hiyo kama tunavyotazama shairi, yaani kwa kuuliza imesema nini na imenyamazia nini.

Kwanza, iliandikwa kwa lugha tatu: Kiingereza, Kireno na Kifaransa. Ni lugha za maofisa. Pwani nzima kutoka Lamu hadi kaskazini ya Msumbiji, na visiwa vyake, ilikuwa na lugha yake ya sokoni na ya baharini, lugha ambayo nahodha wa jahazi aliitumia kumwita baharia na mvuvi aliitumia kumtaja samaki. Lugha hiyo haimo katika karatasi. Pili, karatasi ile ina amri na ahadi, lakini haina swali hata moja. Haimwulizi mvuvi kama amewahi kumwona samaki huyu, anaitwaje kwao, huvuliwa wapi, usiku au mchana, maji ya kina gani, mwezi gani. Inamwambia tu la kufanya akishampata. Tatu, fedha iliyoahidiwa ilikuwa bei ya mwili. Mtu mwenye habari kamili za samaki yule, lakini asiye na samaki mkononi, hakuwa na chochote cha kuuza.

Wasemao kwamba kuuliza si ujinga hawakukosea. Huko Ngazija na Nzuani samaki huyu alikuwa na jina: gombesa. Wavuvi walimpata mara chache, wakiwa usiku katika ngalawa zao, wakiteremsha mishipi mirefu kumtafuta samaki mwingine wa mafuta aitwaye nessa. Nyama yake haikupendwa sana. Magamba yake ya kukwaruza yalifaa kusugulia mpira wa baiskeli kabla ya kutia kiraka. Yaani samaki ambaye dunia ilikuwa ikimtafuta kwa miaka 14 alikuwa kwa watu fulani kifaa cha fundi baiskeli. Smith mwenyewe ameisimulia habari ya magamba, na wengi wameirudia baada yake kwa kucheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Naona kwamba ujuzi ulikuwapo, umekaa tu barazani, na hakuna bajeti iliyokuwa na fungu la kuufuata.

Mwaka 1952 karatasi ile ikapata miguu. Smith na mkewe walikuwa Unguja wakionyesha samaki waliowakusanya, na huko wakakutana na Eric Hunt, nahodha Mwingereza aliyefanya biashara kati ya Unguja na Komoro kwa chombo chake kilichoitwa N'duwaro. Angalia jina hilo: ni nduwaro wetu, samaki mwenye mdomo mrefu. Hunt akazichukua karatasi mpaka visiwani. Usiku wa tarehe 20 Desemba 1952, mvuvi ambaye masimulizi mengi yanamtaja kwa jina la Ahamadi Abdallah alimvua gombesa karibu na Domoni, Nzuani, akampiga kichwani kama ilivyo ada, akampeleka sokoni. Alikuwa karibu kukatwa vipande wakati mwalimu wa shule, Affane Mohamed, alipomwona na kukumbuka ile karatasi. Samaki akabebwa kuvuka milima ya kisiwa hadi Mutsamudu, kilipokuwa chombo cha Hunt.

Mimi niliyeshika chaki kwa muda mrefu wa maisha yangu siwezi kupita hapa bila kusimama. Fedha za Baraza, hoja ya Smith, jahazi la Hunt na mshipi wa Ahamadi vyote vingeishia kwenye kisu cha mchuuzi kama si mwalimu mmoja wa kijijini aliyeijua lugha ya karatasi na lugha ya sokoni kwa pamoja. Yeye ndiye daraja. Alifanya kazi ambayo mfadhili hakuifikiria wala hakuilipia: kuifasiri. Lakini jina lake halimo katika jina la kisayansi la samaki yeyote.

Yaliyofuata ndiyo sehemu maarufu ya kitabu. Simu ya maandishi ya Hunt ikamkuta Smith akiwa melini, Durban, katika mkesha wa Krismasi. Nchi imefunga ofisi. Hunt ametia chumvi na formalini, lakini joto la Desemba halingoji. Smith anapiga simu huku na huko, mpaka usiku wa tarehe 26 anampata Waziri Mkuu, D.F. Malan, aliyekuwa mapumzikoni. Katika nyumba ile ya mapumziko kilikuwako kitabu kikubwa cha Smith cha samaki wa kusini mwa Afrika, cha mwaka 1949, na inasemekana kwamba kitabu kile ndicho kilichomshawishi Malan. Ndege ya kijeshi aina ya Dakota ikatolewa. Ikatua Mayotte tarehe 29 Desemba. Smith akapiga magoti mbele ya samaki, akalia. Nasema kwa dhati: kama kuna msomaji anayeweza kuzipita kurasa hizo bila kuguswa, basi moyo wake ni mgumu.

Lakini mhakiki hana ruhusa ya kulia muda mrefu. Malan ndiye aliyekuwa akiijenga serikali ya ubaguzi wa rangi. Alikuwa mchungaji kabla ya kuwa mwanasiasa, wala nadharia ya mageuko ya viumbe, ambayo ndiyo iliyompa samaki huyu thamani yake yote, haikuwa na rafiki katika kanisa lake. Smith akampa samaki jina Malania anjouanae. Alidhani ni jenasi mpya kwa sababu pezi la kwanza la mgongoni halikuwapo. Baadaye ikajulikana kwamba ni Latimeria yule yule, mwenye pezi lililopotea kwa bahati mbaya, na jina la Malan likafutika katika orodha za sayansi. Wengine wanaona hapo mkono wa haki. Mimi naona somo dogo la uhasibu: aliyelipa mafuta ya ndege alipewa samaki, aliyemvua alipewa pauni 100, aliyemtambua sokoni alipewa asante. Shukrani ya Smith kwa Malan ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo linalotisha. Mtafiti anayefadhiliwa hujifunza kushukuru kuelekea juu tu, kwa kuwa fedha ijayo nayo itatoka juu.

Wafaransa nao, waliokuwa wakivitawala visiwa, wakaamka. Kwa miaka iliyofuata waliwafungia wageni wengine mlango, na samaki waliovuliwa wakapelekwa Paris, ambako Jacques Millot na Jean Anthony walitoa kazi kubwa ya kuchambua mwili wake, juzuu ya kwanza mwaka 1958. Ni kazi ya kuheshimika. Ila bado ni kazi ya mzoga. Ilikuwa Januari 1987, miaka 12 baada ya uhuru wa Komoro, ndipo kundi la Mjerumani Hans Fricke, kwa nyambizi yao ndogo Geo, lilipomwona silikanti akiwa hai katika makao yake, karibu mita 200 chini, Ngazija. Wakajifunza kwamba mchana hujificha katika mapango ya miamba ya volkano na usiku hutoka kuwinda. Alivuliwa usiku, katika maji mengi, kando ya miteremko mikali: hayo mvuvi wa nessa aliyajua kwa mkono wake kabla ya nyambizi kutengenezwa. Sisemi kwamba mvuvi aliyajua yote aliyoyajua Fricke. Nasema kwamba swali la bei nafuu lingetangulia swali la bei ghali.

Najua nitajibiwa. Mtu atasema: sayansi haiwezi kuishi kwa maneno ya barazani, inataka ushahidi mkononi. Ni kweli. Smith asingeweza kuuambia ulimwengu kwamba silikanti yu hai kwa sababu mvuvi fulani amesema hivyo. Alihitaji mwili, naye alikuwa na haki ya kuutafuta. Lakini kuna mfano unaoonyesha kwamba swali na mwili si maadui. Mwaka 1997 Mark Erdmann, mwanabiolojia Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti Indonesia, alimwona silikanti sokoni Manado, Sulawesi, maelfu ya kilomita kutoka Komoro. Samaki yule akauzwa, ikabaki picha. Erdmann hakutangaza dau tu na kukaa kungoja. Alipita kijiji hadi kijiji akiwahoji wavuvi, zaidi ya 200, mpaka akafika kwa Lameh Sonathan, ambaye watu wake walimjua samaki huyo na kumwita raja laut, mfalme wa bahari. Tarehe 30 Julai 1998 samaki akapatikana, naye hata alipigwa picha akiwa bado hai majini. Na makala iliyotangaza habari hiyo mwaka huo ilimtaja samaki kwa jina lile la wavuvi tangu kwenye kichwa chake.

Ulinganisho huu si wa haki kabisa, nakubali. Erdmann alikuwa amekwisha kumwona samaki, alijua sehemu ya kutafuta, na ramani yake ilikuwa ndogo kuliko ya Smith. Tena kisa chake nacho kina doa la majina: mwaka 1999 kundi jingine lililoongozwa na Mfaransa lilimtangulia kumpa samaki yule jina la kisayansi, Latimeria menadoensis. Hata hivyo tofauti ya msingi inabaki. Smith alitumia miaka 14, akaishia kumpata samaki wake kwa bahati ya mwalimu aliyepita sokoni. Erdmann hakuichukua hata miaka miwili, kwa sababu fedha yake ilimlipia muda wa kuzungumza na watu.

Tukiacha silikanti kidogo, historia ya elimu ya bahari ina mfano mkongwe wa fedha iliyotumika vizuri kwa wageni. Mwaka 1872 Mjerumani Anton Dohrn alianza kujenga kituo cha utafiti Naples, Italia, akabuni mpango wa meza. Serikali na vyuo vikuu vya nchi mbalimbali vilikodi meza kwa mwaka, kila kimoja kikamtuma mtafiti wake. Mgeni akafika akakuta maji ya bahari yanatiririka, wanyama wako hai, maktaba iko wazi, wala hakuna anayemwamuru achunguze nini. Mpango huo umeigwa na kusifiwa mahali pengi. Ila kinachosahauliwa katika sifa hizo ni mtu aliyewaletea wageni wale wanyama wao. Salvatore Lo Bianco aliajiriwa kituoni akiwa kijana mdogo, akakaa maisha yake yote, akajifunza kwa wavuvi na kwa bahari yenyewe mahali na majira ya kila kiumbe, akawa bingwa wa kuwahifadhi. Mwishowe aliandika yeye mwenyewe orodha za nyakati za kuzaa za wanyama wa ghuba ile, na watafiti wakubwa wakazitegemea. Hapo fedha ya mgeni ilimjenga mwenyeji. Wageni waliondoka, ujuzi ukabaki kwenye rafu kwa jina la mtu wa pale pale.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii tunaipenda kwenye hotuba za kupokea wafadhili, lakini hatuisomi hadi mwisho. Haisemi mgeni njoo mwenyeji apigwe picha. Inataka kupona kwa mwenyeji kuonekane.

Nalisema hili kwa kuwa silikanti si habari ya mbali kwetu tena. Mwaka 2001 mmoja alivuliwa Malindi. Septemba 2003 akavuliwa mwingine Songo Mnara, na tangu hapo makumi yao wamenaswa pwani ya Tanga, upande wa Kigombe na jirani zake, katika majarife ya papa yanayotegwa maji mengi. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mwaka 2011 ikachapishwa kazi ya vinasaba iliyoonyesha kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi lenye asili yake tofauti na wale wa Komoro. Ilifanywa na Wajapani pamoja na watafiti wetu, na majina ya Watanzania yamo miongoni mwa waandishi. Hiyo ni hatua ambayo Smith hakuiota. Tuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1978. Tuna WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa magharibi ya Bahari ya Hindi, iliyoundwa mwaka 1993 na yenye makao huko huko Unguja, ambayo huwapa ruzuku watafiti wa eneo letu. Mtafiti wa kigeni hawezi tena kushuka melini na vipeperushi vyake. Atapitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, na atatakiwa awe na mwenzake mwenyeji.

Hata hivyo karatasi ya Smith haijafa. Niliwahi kufuatana na mtafiti mgeni katika vijiji viwili vya pwani, nikiwa mkalimani wake. Alikuwa mtu mwema, na maswali aliyokuwa nayo yalikuwa mengi na mazuri. Katika hilo alimpita Smith. Wazee walijibu kwa saa nyingi, wakachora majina ya miamba mchangani. Mzee mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, haya tunayomwambia, yatarudi kwetu?" Nilimfikishia mgeni swali lile. Akasema ripoti itapelekwa kwa waliotoa fedha, na kwamba hakuna fungu la kuifasiri. Hakusema uongo. Bajeti ilikuwa imelipia dizeli, mashine, posho yangu na tiketi ya kurudi kwao. Kurudisha neno Kigombe, Mwarongo, au popote pale, hakukuwa na mstari wake.

Kuna dosari nyingine katika Old Fourlegs ambayo msomaji wa pwani ataiona mapema kuliko msomaji wa London. Smith hafichi kwamba alikusanya samaki wa miamba kwa baruti. Kwa enzi zake ilikuwa njia ya kikazi, naye anaieleza kama seremala anavyoeleza randa yake. Sisi tumeishi kuiona miamba yetu ya matumbawe ikisagwa kwa mabomu ya wavuvi haramu, na wanakijiji wakikamatwa na kufungwa kwa hilo, na ni sawa wafungwe. Lakini tusisahau kwamba mlipuko ulipokuwa wa mwenye cheti uliitwa ukusanyaji. Nalitaja hilo ili anayetoa ruzuku leo aelewe kwa nini mvuvi mzee hukunja uso anapoambiwa kwamba mgeni ndiye mlinzi wa bahari.

Je, kitabu hiki kisomwe? Kisomwe, tena kifasiriwe Kiswahili. Lugha yake ni nyepesi, mwendo wake ni wa haraka, mwandishi anajianika pamoja na hasira zake na majivuno yake, na anajua kumshika msomaji roho juu. Nahodha Hunt, aliyepotea baharini mwaka ule ule wa 1956 baada ya chombo chake kukwama kwenye miamba kati ya Komoro na Madagaska, anaishi katika kurasa zile kuliko popote pengine. Smith mwenyewe alifariki mwaka 1968, na chuo cha samaki alichokiacha na ambacho mkewe alikijenga bado kinafanya kazi Afrika Kusini kwa jina jingine. Huwezi kumdharau mtu wa namna hiyo. Unaweza tu kumsoma hadi pale alipoishia, kisha ukaendelea.

Na kuendelea kwenyewe hakuhitaji falsafa kubwa. Kila anayeomba fedha za kuja kuchunguza bahari yetu, na kila anayezitoa, na zaidi ya hao kila ofisa wetu anayepiga muhuri kibali, aulizwe mambo matatu yaliyokosekana katika kipeperushi cha mwaka ule. Umeandika kwa lugha ya nani? Swali lako liko wapi, au umekuja na amri tu? Na ukishakuondoka, fungu gani la fedha yako litabaki hapa likiwa na jina la mtu? Wahenga walimpa mgeni siku mbili za kupumzika, ya tatu wakampa jembe. Watafiti wageni tumewapa muda mrefu kuliko huo, nao kwa kweli wamelima. Kinachotakiwa sasa ni mavuno yagawanywe shambani, mbele ya wote, kabla mgeni hajafunga mizigo.

Kama fungu hilo lingekuwapo mwaka 1952, pauni kumi tu katika zile mia zingetosha kumkalisha mwalimu Affane Mohamed na daftari mbele ya wavuvi wa nessa kwa mwezi mzima. Dunia ingempata samaki wake vilevile, tena ikiwa na habari zake, zimeandikwa na mtu wa Domoni.